Printa yangu inakausha wino kila likizo, ninunue ipi safari hii?

Kaka Fundi,

Habari za kazi na za nyumbani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Kihonda, Morogoro. Jioni na Jumamosi nafundisha twisheni hapa nyumbani, watoto wa darasa la nne na la saba, jumla yao 42. Kila Jumamosi wanafanya jaribio, na katikati ya wiki nawapa kazi ya kwenda nayo kwao. Nikipiga hesabu ni kama kurasa 200 kwa wiki.

Miaka miwili iliyopita nilinunua printa ya tatu kwa moja (inachapa, inatoa kopi, inaskani) kwa shilingi 165,000. Ilikuja na wino wake ndani, nikafurahi. Wino ule haukumaliza wiki tatu. Nilipoulizia katriji, nyeusi ni 45,000, ya rangi 52,000. Kwenye boksi la nyeusi wameandika kurasa 120. Nikanunua, maana mashine ninayo tayari, nifanyeje?

Desemba tukaenda Iringa kwa wakwe. Narudi Januari, karatasi inatoka na mistari meupe, baadaye ikawa nyeupe tupu. Fundi wa mjini akachukua 15,000, akaijaza wino kwa bomba la sindano, wiki iliyofuata ikavuja ikachafua karatasi za watoto. Nikanunua katriji mpya. Likizo ya Juni, hadithi ileile. Sasa ni ya tatu imekufa. Na usinione mzembe: karatasi ya mwisho ikidondoka tu nazima swichi ya ukutani papo hapo, LUKU yenyewe unaijua inavyokimbia.

Kwa sasa napeleka steshenari. Kuprinti ukurasa mmoja ni 200, kopi ni 100. Siku umeme wao umekatika, watoto wanakaa wananitazama.

Nimepewa ushauri wa aina tatu. Shemeji yangu yuko Kariakoo, anasema atanitafutia leza ya mtumba kwa 350,000, inachapa nyeusi tu, na tona ikiisha fundi anaijaza kwa 25,000. Kijana wa duka moja hapa mjini ananishawishi nichukue ya matangi ya wino kwa 580,000, anasema, "Mama, hii unaweka wino unasahau." Baba watoto anasema mashine hizi ni za maofisini, nikinunua nyingine nitalia tena.

Ninachohitaji: kuchapa kutoka kwenye simu, maana mitihani mingi hunijia kwa WhatsApp, kopi, kuskani vyeti na kitambulisho cha NIDA mara mojamoja, na picha ya rangi siku moja moja kwa wale wadogo. Umeme kwetu unakatika. Nataka ya kuaminika, nisirudi kukuandikia tena kwa jambo hilihili.

Mwalimu wa Kihonda

* * *

Mwalimu,

Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama hujanizidi, pokea heshima ya chaki. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimesimama kwenye sentensi ambayo nadhani wewe mwenyewe uliiandika kwa kujitetea tu: unazima swichi ya ukutani papo hapo. Nitairudia, kwa sababu hapo ndipo katriji zako tatu zilipokufa, au angalau zilipoanza kuugua.

Kwanza tufanye hesabu, maana wewe ni mwalimu na hesabu huiogopi. Katriji ya 45,000 kwa kurasa 120 ni shilingi 375 kwa ukurasa, wino peke yake. Weka na karatasi: rimu ya A4 yenye karatasi 500, tuseme umeipata kwa 13,000, ni shilingi 26 kwa karatasi. Jumla 401. Steshenari wanakutoza 100 kwa kopi, karatasi ni yao, umeme ni wao. Yaani kwa miaka miwili umekuwa ukijitoza nyumbani kwako mara nne ya bei ya mtaani. Na hapo nimechukulia kwamba katriji zilitoa kurasa zote 120, jambo ambalo barua yako inakana.

Wewe hukukosea hesabu. Mashine za bei ndogo ndivyo zilivyopangwa. Mtengenezaji anakuachia printa kwa bei ya kutupa, faida anaitafuta kwenye wino, mwaka baada ya mwaka. Hata ile katriji iliyokuja ndani ya boksi mara nyingi huwa haijajazwa kama zile zinazouzwa dukani. Kwa hiyo mtu akikuuliza printa nzuri ni ipi, swali la kwanza si bei ya mashine. Chukua bei ya wino, gawanya kwa idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi la wino. Na namba ile nayo uipunguze, kwa sababu hupimwa kwa kurasa zenye wino kidogo, takriban asilimia 5 ya uso wa karatasi. Mtihani wa sayansi wenye mchoro wa ua na mizizi yake hauko kwenye asilimia 5.

Sasa swichi.

Printa ya wino hurusha matone kupitia matundu membamba kuliko unywele. Kuna kisa cha maabara ya Canon huko Japani mwaka 1977: mtafiti aligusisha kwa bahati mbaya chuma cha moto cha kulehemu kwenye sindano iliyokuwa na wino, wino ukaruka kutoka kwenye ncha. Wakakaa na ajali ile mpaka wakapata namna ya kuchapa kwa joto: kipasha moto kidogo sana kinachemsha wino, povu linausukuma nje. HP nao hutumia joto. Epson hawachemshi, wana kijipande kinachojikunja kikipitishiwa umeme, kinauminya wino utoke. Vyovyote vile, mwisho wa safari ni tundu lenye wino mbichi linalotazama hewa, na wino ukikutana na hewa unakauka. Kwa hiyo mashine imepewa kitanda. Pembeni kabisa, mara nyingi kulia, kuna kifuniko cha mpira. Kazi ikiisha, kichwa cha kuchapia, ambacho mafundi tunakiita hedi, kinakwenda kulala pale, mpira unaziba matundu yote, hewa haiingii.

Ukizima kwa kitufe cha mashine yenyewe, utaisikia ikigugumia kidogo, krrr, tak, ndipo taa inazimika. Mgugumio ule ni hedi inakwenda kulala. Ukikata umeme ukutani papo hapo, inabaki pale ilipo, matundu wazi. Umeifanyia hivyo, ukafunga mlango, ukaenda Iringa mwezi mzima. Joto la Desemba la Morogoro unalijua wewe kuliko mimi.

Na kuna la pili. Baadhi ya printa zikikuta zimekatiwa umeme kabisa, siku zikiwashwa huanza kwa kujisafisha, na kujisafisha maana yake ni kumwaga wino kwenye sponji iliyoko tumboni mwa mashine. Basi kila asubuhi ulipowasha, huenda ulikuwa unamwaga sehemu ya zile 45,000. LUKU isikuumize kichwa hapa: printa ya kisasa ikiwa imelala hula kama wati moja hivi. Kwa mwezi mzima, usiku na mchana, haifiki uniti moja.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, ambalo si kosa lako, ukirudi tu iwashe, iache ijipange, kisha izime kwa kitufe chake. Usiiache mpaka siku ya kuihitaji.

Haya, twende kwenye mashine.

Leza ya shemeji. Siidharau hata kidogo. Tona ni unga wa plastiki, haukauki. Ungeiacha kuanzia Juni mpaka Desemba, siku ukiiwasha inachapa. Kwa mtu anayechapa barua mbili kwa mwezi, halafu anakaa kimya, leza ndiyo jibu na wala nisingeandika zaidi ya hapo. Hesabu yake nayo si mbaya. Leza ndogo nyingi za nyumbani, kama Canon MF3010 unayoiona kwenye steshenari nyingi, katriji yake inakadiriwa kurasa 1,600. Wewe unachapa kurasa 200 kwa wiki, kwa wiki 40 za masomo ni 8,000. Ni kujaza mara tano kwa mwaka, 125,000. Inavumilika.

Wasiwasi wangu uko kwenye neno "mtumba". Leza iliyotumika inaweza kuwa punda mzuri au mzigo wa marehemu, na huwezi kujua kwa kuitazama rangi. Kama utaamua kuifuata, mwambie shemeji afanye haya palepale dukani kabla pesa haijatoka mfukoni. Aangalie kibandiko cha nyuma panapoandikwa volti. Kama imeandikwa 220-240V, sawa. Kama ni 110V au 100V, hiyo imetoka Marekani au Japani, na umeme wetu wa volti 230 utaiunguza siku ya kwanza. Leza nyingi hazipokei volti zote mbili kama chaja ya simu. Halafu aombe ichape ukurasa wa taarifa zake, ambao kwenye nyingi unaonyesha mashine imeshachapa kurasa ngapi. Kisha achape ukurasa uliojaa maandishi, asugue kwa kidole. Unga ukitoka kidoleni, sehemu inayopasha moto imechoka, na hiyo ndiyo yenye gharama. Kidoa au mstari unaojirudia kwa umbali uleule kutoka juu hadi chini, dramu, ile silinda inayopeleka unga kwenye karatasi, imekwaruzika. Karatasi isiponyakuliwa vizuri, hilo ni jambo dogo, mpira wa kuvutia hubadilishwa.

Ikiwa imepita yote hayo, linabaki suala la umeme. Leza hupasha moto karibu nyuzi 200 ili kuuyeyusha unga ushike kwenye karatasi, na kwa sekunde hizo chache inaweza kuvuta karibu wati 1,000, kama pasi. Usiichomeke kwenye UPS ya kompyuta wala inveta ndogo ya sola. Printa ya matangi inapochapa hula wati kumi na kitu tu. Kwa mtaa ambao umeme unakatika, tofauti hiyo ni kubwa: ukiwa na inveta ndogo tu, jaribio la Jumamosi linafanyika.

Na leza ya bei hiyo haina rangi. Wale wadogo wako wanataka kuona bendera ya taifa ikiwa na kijani chake.

Sasa kijana wa duka na matangi yake. Kuhusu "unaweka wino unasahau", ameongeza chumvi. Kusahau ndiko kulikokuponza mwanzo. Lakini mashine anayokuuzia ni ya kweli. Watu wa mitaani ndio waliotangulia: walichoka na bei za katriji, wakaanza kutoboa printa, wakazipachika chupa pembeni na vimpira vya kupeleka wino ndani. Epson waliona hali hiyo Indonesia, na mwaka 2010 wakaanza kuuza huko printa yenye matangi iliyotengenezwa kiwandani. Canon na HP wakafuata, Brother pia. Leo ukiingia duka lolote la mashine za ofisi utazikuta, dirisha dogo mbele linaonyesha rangi nne zimefika wapi.

Hesabu: chukua Epson L3250, ambayo huenda ndiyo aliyokuonyesha. Chupa yake ya nyeusi ni mililita 65, wao wanasema kurasa 4,500. Mimi nasema 3,000 kwa michoro yako. Tuseme chupa umeuziwa 35,000. Ni kama shilingi 12 kwa ukurasa.

Angalia kilichotokea hapo, Mwalimu. Wino 12, karatasi 26. Ukiwa na matangi, adui yako si wino tena, ni karatasi. Kwa hiyo chapa pande mbili. Printa nyingi za bei hii hazigeuzi karatasi zenyewe. Unachapa kurasa za upande mmoja, unageuza bunda kwa mkono, unarudisha. Mara ya kwanza utakosea, upande wa pili utatoka kichwa chini. Weka alama ya penseli kwenye kona ya karatasi ujue inaingia vipi, ukishajua umejua. Kurasa 8,000 kwa upande mmoja ni rimu 16. Kwa pande mbili ni rimu 8. Umeokoa 104,000 bila kubadilisha mashine.

Jumla basi ni kama shilingi 25 kwa ukurasa, kurasa 8,000 ni 200,000 kwa mwaka. Steshenari, kopi peke yake, ni 800,000. Mashine ya 580,000 inajilipa ndani ya mwaka mmoja wa masomo. Mpe baba watoto hesabu hiyo, tena uiandike kwa mkono wako. Amesema kweli kuhusu mashine ya kwanza, na mpe haki yake, lakini ile ilikuwa ya mtu wa kurasa kumi kwa mwezi, nayo ikaingia nyumba yenye watoto 42.

Hadi hapo umeshajua nitasema matangi. Swali ni yapi.

Nyumbani kwangu nina Epson, na mafundi wengi wanaijua, vipuri vyake havifichiki. Ila hedi yake ni sehemu ya mashine. Inadumu, lakini ikiziba kabisa ni kazi ya fundi, na bei yake inauma. Canon za mfululizo wa G na HP Smart Tank kwa kawaida hedi zake unaweza kuzitoa kwa mkono na kuweka nyingine. Pia wino mweusi wa Canon na HP hizo ni wa pigmenti: chembechembe zinazokaa juu ya karatasi, maandishi yanakuwa meusi tii, na kiganja cha mtoto chenye jasho hakiyafuti upesi. Wino wa L3250 ni wa rangi iliyoyeyuka, mzuri kwa picha, ila tone la maji likidondokea swali la tano, swali la tano limekwenda.

Kwa kazi yako, ambayo tisa kwa kumi ni maandishi, ningechukua Canon au HP ya matangi. Lakini kabla ya hapo fanya jambo moja: zunguka mjini Morogoro, usiulize printa, uliza chupa ya wino mweusi wa kila moja. Ile ambayo chupa yake umeikuta kwenye maduka mawili au zaidi, ikiwa na lakiri yake haijafunguliwa, ndiyo yako. Kama ni ya Epson tu inayopatikana, chukua Epson bila kujuta. Printa bora duniani ambayo wino wake unaagizwa Dar kwa basi itakuangusha wiki ya mitihani ileile.

Hakikisha ina Waifai. Ziko mbili zinazofanana kama mapacha, L3210 na L3250. Ya kwanza haina, na bei yake ni nafuu, wauzaji wengine hawakumbushi. Ikiwa na Waifai, simu yako itaunganishwa nayo moja kwa moja kupitia programu ya mtengenezaji, hata kama nyumbani huna intaneti. Ukishaipakua programu hiyo, kuchapa hakuli bando. Faili la WhatsApp unalifungua, unalituma kwenye mashine, basi.

Usilipie kisanduku cha juu cha kuvuta karatasi nyingi zenyewe wakati wa kuskani, wala faksi. Wewe unaskani cheti na NIDA; kioo kinatosha. Na kwa kopi za jaribio, weka karatasi moja kwenye kioo, omba kopi 20, zigeuze, endelea.

Kama una ndugu Uingereza au Dubai anataka kukutumia ya kule, mwambie akutumie pesa. Katriji za baadhi ya printa hufungwa kwa kanda, ya kule inaikataa ya huku. Na ziko HP zenye herufi "e" mwishoni mwa jina, zilizouzwa kwa mpango unaoitwa HP+, zinazotaka kuunganishwa na intaneti wakati wote na kutumia wino wa HP pekee. Kwa mtu wa bando la wiki, hiyo ni kujitafutia kesi.

Siku ya kununua dai risiti ya EFD na kadi ya waranti iliyogongwa muhuri, usome kikomo chake, maana waranti nyingi ni za mwaka mmoja au idadi fulani ya kurasa, kinachotangulia. Mashine ikiwa mpya kwenye boksi haina wino, unaweza kuipakia hata bodaboda. Ikishajazwa, haipandi bodaboda tena. Nimeshapokea moja iliyolazwa ubavu kutoka Mzumbe mpaka mjini: wino wa bluu ulikuwa umejaza sehemu ya umeme, na wa waridi ulikuwa kwenye suruali ya dereva. Ikibidi kuisafirisha, weka kwenye Bajaji, wima, miguuni pako.

Ukiweka wino, tazama rangi mara mbili kabla ya kumimina, na usiache tangi lishuke chini ya mstari wa mwisho. Kimpira cha kupeleka wino kikivuta hewa, kuirudisha sawa kunakula wino mwingi. Maandishi yakianza kuwa na mistari meupe, amuru ijisafishe mara moja, chapa ukurasa wa kupima, ikigoma rudia mara ya pili. Baada ya hapo izime, iache ilale mpaka kesho. Watu wanaisafisha mara nane mfululizo kwa hasira, wanaijaza ile sponji ya tumboni, na siku sponji ikihesabiwa kuwa imejaa mashine inagoma kabisa mpaka fundi aibadilishe. Kuna watakaokuambia "naireseti tu kwa laptop". Kureseti kunafuta hesabu, sponji inabaki imelowa. Mwambie abadilishe na sponji.

Tray ya nyuma ifunike kwa kitambaa. Mle huingia vumbi, mende, na vitu vya watoto; mimi nimetoa sarafu ya shilingi 50 kwenye printa iliyoletwa kwangu ikidaiwa kuwa "imeungua". Rimu ukiifungua irudishe kwenye karatasi yake, hasa masika, maana karatasi iliyonyonya unyevu hushikana, zinaingia tatu kwa pamoja, zinakwama.

Na likizo? Ukisafiri wiki mbili, izime kwa kitufe chake, hakuna neno. Ukiondoka mwezi mzima, mwachie jirani ufunguo na karatasi nne: kila Jumapili awashe, achape ukurasa mmoja wenye rangi zote nne, azime kwa kitufe. Mwonyeshe kitufe chenyewe, asije akazima ukutani.

Fundi

Nyongeza: ile mashine ya zamani usiitupe bado. Kwenye printa nyingi za aina yako hedi iko kwenye katriji yenyewe. Itoe katriji nyeusi. Kunja tishu mara nne, ilowanishe kwa maji ya uvuguvugu, uiweke kwenye sahani. Isimamishe katriji juu yake ule upande wa chini wenye matundu ukigusa tishu, na vile vijipande vya shaba vya ubavuni visiguse maji. Iache dakika tano, kisha inyanyue. Ukiona mstari mweusi kwenye tishu, wino bado unatoka; futa kwa tishu kavu, irudishe, jaribu. Isipoacha alama yoyote baada ya mara tatu, hiyo imekwenda. Jaribu basi kama inaskani bila wino, nyingine hukubali, na hapo vyeti na NIDA vitakuwa na mashine yao.